Timu ya Mji wa Bafu

Hadithi, hadithi! Nanyi itikieni: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Vizuri. Leo huo uongo mnaouita uje ndio hasa ninaotaka kuwasimulia, maana hadithi yangu imo ndani ya kompyuta, na humo uongo na kweli vinalala kitanda kimoja.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka kumi na miwili. Likizo iliyopita alinikuta mezani, laptopu mbele yangu, chai imepoa. Akanipa shikamoo yake, na kabla sijamaliza kuitikia macho yalishahamia kwenye skrini.

"Mjomba, hii ni gemu ya mpira?"

Nikamwambia ndiyo. Akavuta kiti. Akatazama dakika moja, akatazama dakika mbili. Vijitu vinakimbia, mpira unatoka nje, unarushwa, unatoka tena.

"Sasa kitufe cha kupiga shuti kiko wapi?"

Hakipo. Gemu hii inaitwa Football Manager, na ndani yake wewe si mchezaji. Hupigi chenga wala penalti. Wewe ndiye yule mtu wa pembeni mwenye koti refu, mvua inamnyeshea, anafoka na hakuna anayemsikia. Unasajili, unapanga kikosi, unachagua mfumo, unaamua wiki hii watu wafanye mazoezi gani, unasema nao chumba cha kubadilishia nguo. Halafu unawaachia. Mechi ikianza, kompyuta inacheza na wewe unauma kucha.

Gemu za namna hii si za jana. Mwingereza mmoja, Kevin Toms, alitoa yake mwaka 1982, nayo iliitwa vilevile Football Manager. Mwaka 1992 ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, wakatoa Championship Manager, na toleo lao la kwanza halikuwa na jina hata moja la mchezaji wa kweli. Majina yote yalitungwa na kompyuta. Majina halisi yalikuja mwaka uliofuata. Baadaye kampuni yao ikaachana na waliokuwa wakiisambaza gemu hiyo, jina likabaki kwa wasambazaji, na tangu mwaka 2004 ndugu hao wakalitumia lile jina la zamani, Football Manager. Hayo yanatosha. Twendeni uwanjani.

Wengi wanaoanza gemu hii hukimbilia Manchester City au Real Madrid. Raha yake siioni. Ni kama kukuta pilau imeshapakuliwa, ukakaa, ukala, kisha ukajisifu kuwa mpishi. Mimi nilichukua Bath City.

"Bath?" mpwa wangu akauliza. "Si ndiyo bafu?"

Ndiyo, mwanangu, na neno letu bafu tumelitoa hukohuko kwenye lugha yao. Bath ni mji wa magharibi ya Uingereza wenye chemchemi za maji ya moto. Waroma walipoitawala nchi ile walijenga pale mabafu ya mawe ambayo yapo hadi leo, na timu ya mji inaitwa kwa utani Waroma. Alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu haisemwi Bath City. Inasemwa Bafu.

Sasa hesabuni kwa vidole. Kidole cha kwanza, Ligi Kuu ya Uingereza, timu 20. Cha pili, Championship. Cha tatu, League One. Cha nne, League Two. Cha tano, National League. Zote hizo nne zina timu 24 kila moja. Mkono mmoja umekwisha na Bafu bado hatujaifikia. Kidole cha sita kiko mkono wa pili: hapo ligi inagawanyika mbili, Kaskazini na Kusini, na Bafu walikuwa Kusini nilipowachukua. Ni ngazi ya chini kabisa ambayo gemu inakuruhusu kuanzia kwa upande wa Uingereza. Timu iliundwa mwaka 1889 na katika miaka yote hiyo haijawahi kufika hata kidole cha nne. Tangu mwaka 2017 sehemu kubwa yake inamilikiwa na mashabiki wenyewe. Uwanja wao, Twerton Park, una mteremko. Hasemi mtu kwa mafumbo: nyasi zinashuka kweli. Kwenye gemu huo mteremko haupo, uwanja wote ni tambarare kama meza, na huo ndio uongo wa kwanza wa siku.

Wachezaji wa ngazi hiyo mpira ni kazi yao ya pili. Mchana wengi wana ajira nyingine, mazoezi ni jioni mbili kwa wiki, Jumamosi mechi. Mshahara wa mpira ni pauni mia chache kwa wiki, na wapo wanaocheza bila mkataba wowote, wanalipwa wanapocheza, kama vibarua wa siku. Huyo wa bila mkataba mkumbukeni. Nitamrudia, na nitamrudia kwa machungu.

Kila mchezaji kwenye gemu amepewa alama, 1 hadi 20, kwa kila kitu: pasi, kumalizia, kutuliza mpira, kasi, kuruka, bidii, ushujaa. Nyota wa Ligi Kuu ana 15 hapa, 17 pale. Nikafungua kikosi changu. Kiungo wangu mchezeshaji, yule wa kutegemewa: pasi 8, kutuliza mpira 6.

Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi sikushtuka, kwa sababu napenda mpira wa pasi fupi, na nilikuja Bafu kuwafundisha watu mpira mzuri. Nikapanga kipa aanze kwa mpira mfupi kwa beki, beki kwa kiungo, kiungo ageuke. Mechi sita za kwanza: tumefungwa nne, sare mbili. Bao moja nalikumbuka kama ajali niliyoiona kwa macho. Kipa kampa beki wa kati, sawa. Beki kampa kiungo, sawa. Kiungo kafungua mguu autulize, mpira ukamponyoka kama sabuni, ukaenda hatua tatu mbele yake, na straika wao alikuwa palepale anausubiri. Moja bila, dakika ya nne. Na dakika ya tisa tukafanya vilevile.

"Mjomba," akasema mpwa wangu, "kwa nini unamwagiza mtu asichokiweza?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikakasirika kidogo, kisha nikarudi kwenye orodha kuisoma upya. Safari hii sikutafuta nilichokitaka. Nilitafuta kilichopo. Beki wa kati: kuruka 16. Katika ligi ambayo wenzake wana 10 na 11, huyo ni mnazi. Beki wa kulia: krosi 5, pasi 6, lakini kurusha mpira mrefu 15. Winga wa kushoto hajui kukrosi wala kumalizia, ila kasi ana 15, na mabeki wa daraja la sita si watu wa mbio.

Nikaufuta mfumo wote. Nne, nne, mbili. Mpira ukitoka karibu na lango lao, beki wa kulia anavuka uwanja kwenda kurusha, beki wa kati anapanda, anasimama mbele ya kipa. Winga asicheze na mtu, apigiwe mpira mbele aufukuze.

Mechi ya saba, ugenini, dakika ya 71, bado bila bila. Mpira ukatoka upande wetu wa kushoto. Nikamwona kijitu wangu namba mbili anakatiza uwanja taratibu, anaufuta mpira kwa fulana, anarudi nyuma hatua nne. Mpwa wangu akaacha kutafuna. Mpira ukapaa, ukashuka kwenye msitu wa vichwa, na kichwa kimoja kilikuwa juu ya vyote. Tulipiga kelele hadi dada yangu akaja kuuliza nani kaumia.

Ulikuwa mpira mbaya, siwafichi. Ukiuangalia unaona aibu. Lakini kufikia Novemba tulikuwa nafasi ya nane, na timu inayomaliza ya pili hadi ya saba inacheza mtoano wa kupanda daraja. Bingwa ndiye hupanda moja kwa moja.

Sasa yule wa bila mkataba.

Agosti nilimwokota straika mmoja aliyekuwa hana timu, nikamweka kikosini kama kibarua maana bajeti ya mishahara ilikuwa imeisha. Sikumtegemea. Kufikia mwanzo wa Desemba alikuwa na mabao 14.

Kwenye gemu hii kuna kitufe kimoja ambacho ndicho adui yenu mkubwa: kile cha kuendelea. Ukikibonyeza, siku inapita. Asubuhi kuna barua kwenye kisanduku chako: daktari anasema fulani amepona, skauti kaleta taarifa, msaidizi ana ushauri. Unasoma, au unajifanya umesoma, unabonyeza tena. Ukinogewa, unabonyeza kama mtu anayekula karanga. Oktoba msaidizi wangu aliandika barua, na mpwa wangu ndiye aliyeiona.

"Mjomba, anasema huyu straika apewe mkataba."

"Baadaye. Jumamosi tuna mechi."

Nikabonyeza.

Desemba ikaja barua nyingine, mistari miwili tu. Timu ya daraja lililo juu yetu imemchukua. Ada ya uhamisho: hakuna. Asiye na mkataba hana wa kumuuliza. Anayemtaka anampa kalamu, basi, na wewe unasoma habari zake kama watu wengine. Mabao 14 yalitoka mlangoni bila kuniachia hata senti ya nauli. Nilikaa nikitazama ile nafasi tupu kwenye orodha. Mpwa wangu hakusema neno, na kule kutosema kwake kuliniuma kuliko angesema.

Timu kubwa ikikosea inanunua mwingine. Sisi tulikuwa na pauni zilizotosha kijana mmoja wa mkopo. Ukiwa na uhusiano na timu ya juu unapewa vijana wao wa akiba wapate dakika za kucheza, na mara nyingine wenye timu ndio wanaowalipa mshahara. Alikuja wa miaka 19, fundi wa mguu, akaogopa viwiko vya daraja la sita, akafunga matatu hadi mwisho wa msimu. Simlaumu.

Kilichotuokoa ni Kombe la FA. Hili kombe ni la ajabu, na ajabu yake ni ya kweli, si ya gemu. Timu za ngazi yetu huingia raundi ya pili ya mchujo, mapema kabisa, wakati vigogo bado hata hawajalifikiria. Ukishinda mechi tano mfululizo unafika raundi ya tatu, Januari, na hapo ndipo timu za Ligi Kuu zinapoingia. Kila raundi ina fedha zake za zawadi. Sisi tulishinda nne, tukatolewa ya tano, mbili kwa moja, na zile fedha zikalipa mishahara hadi machipuko.

Msidhani hayo hutokea kwenye kompyuta tu. Januari 2021 timu iitwayo Marine, ya daraja la nane, kidole cha nane hicho, iliikaribisha Tottenham ya José Mourinho. Uwanja wa Marine uko Crosby, karibu na Liverpool, na nyuma ya uwanja kuna nyua za nyumba za watu. Kwa sababu ya Korona mashabiki hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo Marine wakauza tiketi za kuingilia hewani, pauni 10 kila moja, za mchezo ambao mnunuzi hataukalia kiti. Zikanunuliwa zaidi ya 30,000. Walifungwa tano bila. Na katika bahati nasibu ya hizo tiketi, zawadi ya kwanza ilikuwa kuwa kocha wa Marine kwa mechi moja ya kirafiki. Gemu ikawa kweli kwa alasiri moja.

Mpwa wangu akaniuliza swali zuri: hizo alama, 6 na 16, nani anazitoa? Zinatoka kwa watu. Waundaji wa gemu wana watafiti zaidi ya elfu moja duniani kote, wengi wao wapenzi wa timu za kwao tu, wanaokaa majukwaani na kuandika huyu kasi yake kiasi gani, yule moyo wake kiasi gani. Na watu ndio hivyo tena. Katika toleo la Championship Manager la msimu wa 2001/02 mlikuwa na straika hatari wa timu ndogo ya Ureno, Tó Madeira, anafunga anavyotaka. Watu wakamnunua dunia nzima. Kumbe hakuwapo mtu wa namna hiyo, mtafiti alimpachika. Uongo njoo!

Yuko mwingine wa toleo hilohilo ambaye alikuwapo kweli, na habari yake si ya kuchekesha. Tonton Zola Moukoko alizaliwa Kinshasa mwaka 1983, akakulia Sweden, akachukuliwa na timu ya vijana ya Derby County ya Uingereza. Mtafiti aliona kipaji, akaandika alama za kipaji, na kwenye kompyuta za watu kijana wa Kinshasa akawa mmoja wa viungo bora duniani. Katika maisha yenyewe hakucheza hata mechi moja ya ligi akiwa na Derby. Alirudi kaskazini, akacheza timu ndogo za Sweden na Finland, huku watu asiowajua wakimshukuru kwa makombe aliyowaletea. Mimi nadhani kubeba jina hilo ni kazi nzito kuliko kucheza mpira.

Lakini mkitaka uongo uliozaa kweli, rudini Bafu. Huyu si wa kwenye gemu.

Palikuwa na fundi mwashi mzaliwa wa Bath, Tony Book. Wiki nzima anajenga kuta, Jumamosi anacheza beki wa kulia wa Bath City. Miaka ikaenda namna hiyo, akakaribia thelathini. Mwaka 1963 akaja kocha mpya, Malcolm Allison, akamwona yule mwashi na kuona ambacho wengine hawakukiona. Mwaka uliofuata Allison akahamia Plymouth Argyle, timu ya daraja la pili, akataka kumchukua. Tatizo umri: nani anasajili beki wa miaka thelathini kutoka ligi za mchangani? Allison akamshauri Book arekebishe cheti cha kuzaliwa, apunguze miaka miwili. Akapunguza. Wenzangu mnaojua mashindano ya vijana ya huku kwetu, msijifanye mmeshangaa.

Mwaka 1966 Allison, sasa akiwa Manchester City, akamwita tena. Book alikuwa anakaribia miaka 32. Akawa nahodha. Mwaka 1968 akainua kombe la ubingwa wa Uingereza, mwaka 1969 Kombe la FA, na mwaka huohuo waandishi wa habari wakamchagua mchezaji bora wa mwaka pamoja na Dave Mackay. Ningeyafanya hayo kwenye gemu, mwashi kutoka daraja la chini hadi nahodha wa mabingwa, mngesema kompyuta yangu ina virusi.

Na ngazi hizi za chini zimepitiwa na wa kwetu pia. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, alilelewa kisoka Leicester, kisha akazunguka kwenye timu kama Mansfield Town na Solihull Moors. Mwaka 2019, akiwa wa Solihull Moors, timu ya kidole cha tano, aliitwa Taifa Stars ya Tanzania kwenda Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Nilipomwambia mpwa wangu, alinitazama kama nimemletea tena habari za Tó Madeira. Ikabidi tutafute.

Msimu wetu uliisha siku ya mvua, nje na ndani ya skrini. Tulihitaji sare mechi ya mwisho tuingie nafasi ya saba. Dakika ya 88 tuko moja moja, mpira ukatoka kushoto, karibu na lango lao. Beki wa kulia akaanza safari yake ya kuvuka uwanja, beki wa kati akaanza kupanda, na mimi nikasimama kwenye kiti. Mpira ukarushwa, kipa wao akaudaka, akaupiga mbele mara moja, na nyuma hapakuwa na mtu, maana wote walikuwa wamepanda kwa amri yangu. Tukamaliza wa tisa.

Bodi iliandika kwamba imeridhika. Mimi nilifunga laptopu nikaenda kujilaza.

Niliporudi kuitafuta jioni, nilimkuta mpwa wangu ameifungua. Hakuwa kwenye mechi. Alikuwa kwenye ukurasa wa kikosi, na amewapanga watu wote si kwa jina wala kwa mabao, bali kwa tarehe ya mwisho wa mkataba. Nusu ya orodha ilikuwa nyekundu: Juni.

"Mjomba, shikamoo. Kaa," akasema, bila kugeuka. "Huyu mrefu anataka pauni hamsini zaidi. Nimpe?"